Brashi ya Kope

Saa tisa usiku, Dundee, mwezi wa kwanza,
boila ilikohoa mara mbili, ikanyamaza.
Mabomba yakaanza kugongana
kama meno ya mtu aliyetolewa mtoni.
Kipimajoto kikashuka: kumi na nane. Kumi na sita.
Nikampigia Ishbel. Alikuja na koti juu ya gauni la kulalia,
viatu viwili visivyo ndugu.

Hakuuliza kuhusu minanasi, hakuuliza kuhusu migomba.
Alikwenda moja kwa moja pembe ya kaskazini,
ulipo mkokia.

Mti huu hauna mzizi wake.
Kwao Molokai, upande wa kisiwa usiojua mvua,
ng'ombe walikula miche, mbuzi wakamaliza magome,
panya wakala mbegu, na mwisho moto
ukaufuata ule mmoja uliobaki.
Tawi likapona. Tawi tu.
Wakalibebesha shina la binamu yake,
na hadi leo limebebwa hivyo,
mtoto mzee mgongoni, hajashushwa.
Zamani, anasema Ishbel, magome yake yalitia nyavu wekundu.
Siku hizi huruhusiwi hata kuyakwaruza kwa ukucha.

Tukavuta majiko mawili ya mafuta ya taa.
Tukaufunika kwa mablanketi, na palipopungua
nikafidia kwa kanga yangu. Jina lake silitaji;
niliinunua kumsema jirani.

Tumba lilikuwa moja.
Miaka sita Ishbel amengoja, tumba moja,
limejikunja kama ngumi ya mtoto mchanga.

Wiki iliyotangulia alikuja mwandishi wa gazeti,
akanitazama, akautazama mti, akatabasamu:
bila shaka wewe unauelewa kuliko sisi sote.
Nikamwambia: dada, mimi nina mzizi.
Uko Korogwe, kwenye shamba la urithi lenye kesi,
na kaka anayeomba pesa ya bati kila Ijumaa.
Nilikuja kwa ndege, kiti cha katikati.
Wanasema mgeni siku ya tatu mpe jembe;
mimi nililikuta mlangoni siku ya kwanza.
Mti ni mti. Uache uwe mti.
Hakuliandika hilo.

Saa mbili na nusu, mwanga wa Dundee
ungali rangi ya maji ya mchele,
tumba likafunguka.
Jekundu. Hapana, si jekundu:
kaa la moto ukilipuliza.
Kila petali limepinda ubavuni,
kama lililopimwa kwa mdomo wa ndege fulani
uliopinda vilevile.
Ndege huyo hayupo hapa. Pengine hata kule.

Ishbel akajipapasa mifuko. Brashi yake imebaki nyumbani.
Nikafungua mkoba, chini ya risiti na pipi za mnanaa,
nikampa yangu, ya kope.
Akaifuta kwenye mkono wa gauni,
akachota chavua, akaigusisha ulimi wa ua,
mara moja, mara mbili, amezuia pumzi,
mwanamke wa miaka sitini na minne, magoti juu ya zege.

Fundi wa boila alifika saa nne, akaomba chai.

Ua lilianguka siku ya pili.
Kikonyo kikavimba kidogo; tukawa tunanong'ona
tukipita karibu nacho, kama nyumba yenye mzazi.
Kisha kikanyauka.
Ishbel akaandika daftarini tarehe, joto,
na neno moja: tena.

Brashi alinirudishia ndani ya bahasha.
Sikuiosha. Asubuhi ya Idi nikajipaka,
vumbi la njano likakaa juu ya kijani,
nikapanda basi la kwenda msikitini,
na kwa baridi yote ile nikafungua kidirisha cha juu,
kidogo tu,
huwezi kujua.