Njia ya Harith

Saa mbili usiku, na joto la Mabela bado limo ukutani,
ukiegemea linakuchoma.
Kiyoyozi kinakohoa. Nimeifuta meza ya chakula,
nimeondoa sinia, kokwa za tende, dawa za mama,
nikaiweka kompyuta ya kaka pale alipokuwa akikaa.

Somo la kwanza ni kesho. Mwalimu Muatasim,
kijana wa miaka ishirini na mitatu,
ametuma ujumbe: pakueni, sakinisheni, jaribuni,
mkikwama nipigieni kabla sijalala.

"Unafanya nini?" mama anauliza.
Napakua.
"Unapakua nini, na wali tumeshakula?"
Chatu, mama. Lugha ya kompyuta, jina lake chatu.
Akapandisha miguu juu ya kochi.
"Mlango wa uani umeufunga?"

Asilimia kumi na mbili. Kumi na mbili. Kumi na mbili.
Taa ya intaneti inapepesa
kama mtu aliyeingiwa na mchanga.
Jaribio la pili, thelathini na sita. Halafu, ghafla, mia.

Nikabonyeza sawa, sawa, nakubali,
kama nilivyotia saini karatasi za hospitali
bila kusoma.
Ikaniambia imekamilika.

Nikafungua lile dirisha jeusi,
nikaandika jina la chatu kwa vidole viwili,
na dirisha likajibu kwamba halimjui.

Halimjui! Na mimi ndiye niliyempokea,
nimemlipia nusu ya bando la mwezi,
yumo humu humu, nimemwona akiingia.
Nikacheka peke yangu.
Tuliposhuka nchi hii nilikuwa na miaka sita;
baba ana karatasi, ana muhuri, ana vyumba viwili Matrah,
na mwenye duka bado akimuuliza kila asubuhi,
wewe hasa ni wa wapi?

Muatasim alipopokea simu alikuwa anatafuna.
"Bi Rayya, kuna kisanduku, kidogo, chini kabisa,
unakitia alama kabla hujasakinisha. Kila mtu hukiruka.
Ndicho kinachoiambia mashine njia ya kumfikia.
Bila njia, aliyemo ni kama hayumo."

Nikaondoa, nikaanza upya. Chini kabisa, kidogo.
Nikatia alama.
"Sasa nisomee njia inasemaje."
Nikavaa miwani.
Herufi moja, nukta mbili, mkwaju ulioinama kinyume,
watumiaji,
mkwaju,
Harith.

Hapo sikuendelea.
Hakuna kitu katika mashine hii kisichopita kwake:
picha, risiti za gari, chatu mwenyewe,
sharti apite mlangoni pa kaka ndipo afike.
Miezi minane tangu tumzike, na humu bado ni mwenye nyumba.

"Ni jina la mtumiaji wa zamani?" akauliza Muatasim.
"Tunaweza kufungua akaunti mpya, safi, ya jina lako.
Dakika kumi tu."
Mwanangu, hiyo njia inafika?
"Inafika."
Basi iache.

Mama alikuwa amesinzia, miguu bado juu.
Nikaandika faili langu la kwanza, mstari mmoja,
ule wa kuiamrisha mashine itamke neno.
Mabano nikasahau kuyafunga. Ikanigombeza kwa wekundu,
mkwaju juu ya mkwaju, na katikati ya ugomvi
herufi zake sita.
Nikafunga mabano.

Orodha ilisema tuandike "hujambo dunia".
Mimi niliandika
hodi.

Na chini yake, upesi kuliko nilivyojiandaa,
dirisha likasema
hodi.

Ikabidi niitike mwenyewe,
kwa sauti ndogo, mama asiamke:
karibu.