Mafuta ya Mgando

Saa nne asubuhi, wageni hawajafika,
napaka mafuta ya mgando juu ya matangi ya choo.
Amri ya meneja: vidole viwili, tandaza kama siagi,
usibakize hata pa kutua nzi.
Unga haupangiki mstari penye utelezi.
Kisha navua aproni, navaa gauni la samawati,
maana bibi harusi ni Sorcha, binti wa kaka yangu,
na leo mimi ni mfagiaji hadi saa sita,
shangazi kuanzia hapo.

Mwaka wa tisini na moja kaka yetu mdogo, Malachy,
alirudi Longford kutoka London
na kijikaratasi ndani ya kiberiti.
Mama alikiona. Hakupiga kelele.
Alitenga sahani yake, kikombe chake, uma wake,
akaviosha mbali kwa maji yanayotokota,
kana kwamba mwanawe alikuwa na ukoma.
Jumapili Padri Hourihan hakutaja jina,
alisema tu "nyumba fulani",
na shingo zote kanisani zikageuka.
Jumatatu alipanda basi.
Tukaletewa sanduku miaka minne baadaye.
Tukasema ni moyo.
Ulikuwa moyo, kweli.

Leo nahesabu viatu chini ya mlango mmoja: jozi tatu.
Wanacheka. Wanavuta pua bila mafua.
Huyu ni Fiachra, daktari wa meno,
yule anayeuliza kuku wa yai alilala wapi,
asiyeonja kahawa mpaka ahakikishiwe
kwamba mkulima kalipwa haki yake.
Yule, mwalimu. Na yule, Mungu anisamehe, polisi aliye likizoni.
"Kidogo tu, Dympna, cha kuchangamsha,"
kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani.
Wala haoni haya. Ni mimi,
niliyenyonyeshwa haya kama maziwa,
ninayeinamisha macho.

Mtoto wa Concepta Gilmartin, kule nyumba za halmashauri,
gazeti lilimwita teja, likaweka na picha.
Deni lake elfu nne. Wakamvunjia mama yake dirisha
kwa tofali, naye yuko sebuleni anakunja nguo.
Unga ni ule ule, mfuko ule ule umekatwa.
Lakini mwenye kliniki hawi teja.
Mwenye kliniki anastarehe.

Sisemi maji ya moto yarudi.
Ile sahani, ningeweza, ningeilia mimi
mbele ya Mama, nikairamba.
Ila nadhani hatukuacha kuhukumu,
tumebadilisha tu wa kuhukumiwa.

Sorcha aliweka meza ndogo ya wasiokuwepo:
mshumaa, ua, na picha ya Malachy ndani ya fremu ya kioo.
Hakuwahi kumwona. "Naye apate nafasi," alisema.
Saa tano usiku, fremu haipo.

Niliikuta chooni, imelazwa juu ya sinki.
Matangi yanateleza, si ndiyo? Nilipaka vizuri.
Basi wakatafuta kitu bapa.
Mistari miwili ilikuwa haijaguswa bado,
mmoja umempita kwenye paji la uso,
mwingine mdomoni, kama mtu aliyekatazwa kusema.
Kaka yangu, waliyemfukuza kwa punje zake,
amealikwa harusini awe sinia.

Sikumwita yeyote.
Nilipuliza. Nikafuta kwa mkono wa gauni.
Nikaenda stoo, nikachukua lile kopo,
nikampaka Malachy kioo chake chote, polepole,
kipaji, mashavu, nyuma ya masikio,
kama mtu anavyompaka mtoto aliyetoka kuoga.

Nikamrudisha kando ya mshumaa. Anang'aa, haonekani vizuri.
Kisha Fiachra akanivuta tukacheze, nami nikaenda,
na kila aliponishika mkono,
ukamponyoka.