Kaza

Ukinikuta gereji, Uyole, asubuhi ya Juni,
umande umeganda kwenye bodi za malori
kama chumvi iliyomwagwa na mtu mwenye hasira,
ukanisikia namwambia Tumwitike, "Taratibu, usikaze mno,"
ujue hilo nililipia.

Nililipia Lichinga, ng'ambo ya Ruvuma,
kwenye gereji ya Abilio, nyuma ya mipaini,
nilikofika na spana kumi na mbili, blanketi moja,
na Kireno kisichojaa kisoda.

Siku ya kwanza, giza linaingia, mzee akapita,
akanigusa bega: "Kaza, Anyosisye. Kaza."
Mimi mtoto wa Kiwira, niliyefunzwa kutii,
nikakaza.
Akacheka, akarudia, mkono ukionyesha barabara:
"Kaza! Kaza!"
Nikapanda juu ya spana kwa miguu yote miwili.
Nati ikalia.
Bolti ikakatika shingo kama kuku wa Krismasi.

Saide, Myao mwenye Kiswahili cha mpakani,
alisubiri wiki nzima, amalize kwanza kucheka,
ndipo akanieleza: kaza kwao ni nyumbani.
Mzee alikuwa ananiambia nenda ukalale.
Bolti walinikata kwenye mshahara.

Kosa halikuwa ujinga, kosa lilikuwa kuamini.
Meza niliikuta ni meza. Parafujo, karibu ileile.
Maneno yetu yalikuwa yameketi kule kama wajomba,
yakanikonyeza, nami nikayafuata yote
hadi yale yasiyonijua.

Jumamosi Dona Felismina, mama yake mzee,
akaniambia kesho alfajiri atanipeleka igreja.
Nikasikia gereza.
Nililala na viatu miguuni,
nikihesabu makosa yangu: bolti ile,
na embe moja la jirani, ambalo hata hivyo lilishaoza.
Akaja na leso nyeupe kichwani, kitabu kwapani.
Nikanyoosha mikono nifungwe pingu.
Akaushika mmoja,
tukaenda hivyo, mama na mtoto, mpaka misani.
Nani kati ya babu zetu
alilisikia jina la kanisa akalitundikia kufuli?
Nilipiga magoti nikiwaza hilo. Sala sikuikumbuka.

Tena mkate.
Mkate wao lazima upite puani.
Mimi niliutoa mdomoni, mkavu, "pau,"
muuza duka akaingia stoo akarudi na kipini cha jembe.
Nikakilipia. Ningeanzia wapi kukikataa?
Usiku ule nililala njaa
nikiwa na kipini kizuri sana.

Basi juzi, lori la Nampula likafia Mlima Nyoka.
Dereva, Zeferino, siku mbili hana wa kusema naye.
Alishuka mpaka kwa mama lishe, akashika tumbo,
"Fomi," akasema, "fomi,"
wakamwelekeza ofisi ya kata akachukue fomu.
Akaenda. Akapanga foleni.
Akaandikwa jina.

Nilipoisikia hadithi hiyo gereji nzima inacheka,
mimi nilikuwa tayari natafuta koti.
Nilimkuta kwenye benchi, karatasi mkononi,
anaisoma kama menyu.
Nikamsalimu kwa Kireno changu cha bolti na vipini,
chenye mashimo kuliko barabara ya mchepuko,
akanitazama kama mtu aliyeona taa ya dirisha.
Tukala ndizi na maharage. Sahani mbili yeye, sikuhesabu ya tatu.
Akanishukuru kwao. Nami, sijui kwa nini,
nikajibu kwetu: "Ndaga."

Usiku tukafungua injini, ukungu wa Uyole
umetuvaa mpaka kope.
Gasketi ilikuwa imeungua. Kazi ya siku tatu, nikamwambia.
Akakaa juu ya tairi. Akatazama kusini,
ambako hakuna kinachoonekana usiku, hata mchana ni milima tu,
akasema polepole, si kwangu, si kwa yeyote:
"Kaza."

Tumwitike, mtoto mtiifu, akainama kuchukua spana.
Nikamshika mkono.
"Iache," nikamwambia. "Hiyo siyo ya bolti."