Kibanda cha Miguu Mirefu

Umeniuliza, wifi yangu Mwantumu,
ukija Agosti tukupeleke wapi.

Tutaanza Bamburgh. Ngome imekaa juu ya jabali
kama bibi harusi aliyenuna, hageuki kushoto wala kulia,
na chini yake mchanga mtupu, mwendo wa kuchoka,
hakuna anayeuza hata karanga.
Beba sweta. Beba mbili.
Agosti ya huku ni jina tu.

Kisha Craster, kijiji cha moshi.
Samaki wanapasuliwa, wananing'inizwa gizani
juu ya moto wa vumbi la mbao.
Nikasema, huyu ni ng'onda.
Hidaya akasema, mama, sema taratibu.
Nikasema, huyu ni ng'onda aliyesoma Ulaya.
Nilinunua sita. Gari lilinuka
mpaka siku tulipolipoteza.

Seahouses utapanda boti ukawaone ndege wa visiwani,
wafupi, wanene, koti jeusi, kifua cheupe,
mdomo kipande cha papai bivu,
wanakwenda mbio kama makarani waliochelewa kazini.
Mimi nilitapika kwenda na kurudi.
Usiseme sikukwambia.

Lakini Kisiwa Kitakatifu, wifi,
hicho nakusimulia leo,
kabla kaka yako hajakusimulia kwa namna yake.

Njia ya lami imelazwa kwenye sakafu ya bahari.
Maji yakipwa, unavuka kwa gari.
Yakijaa, hakuna njia, wala haijapata kuwapo.
Pale mwanzo pana ubao, una saa za kuvuka,
una picha ya gari lililozama hadi madirishani.
Hidaya aliusoma kwa sauti. Akaurudia.
Mbwana akacheka kile kicheko chake cha puani:
“Mtu wa Pangani hasomewi maji.
Leo mwezi ngapi? Basi. Tuna saa nzima.”

Mwezi ni uleule, wifi.
Bahari si ileile.

Tulipofika katikati yakaja, bila wimbi, bila kelele,
kama wageni wasioalikwa arusini:
mmoja, wawili, mara ukumbi umejaa.
Gari likakohoa. Likanyamaza.
Pana kibanda cheupe pale, juu ya miguu mirefu ya mbao,
kimejengwa kwa ajili ya wajuzi.
Tukapanda ngazi, viatu mkononi,
buibui nimelifunga kiunoni,
na ng'onda watatu waliobaki, maana sikuwaacha.

Ndani, ukutani: saa zilezile za kuvuka.
Hidaya akazitazama, akamtazama baba yake,
na Mungu ampe umri, hakusema neno.

Tulipiga simu. Wakasema, tulieni, tunakuja.
Tukatulia. Kaka yako, miaka sita zamu ya usiku
kwenye kiwanda cha mikate Gateshead,
sikuwahi kumwona mikono imelala mapajani.
Kwa mbali sili walikuwa wakilia juu ya fungu la mchanga,
sauti ya mtu anayemwita mtoto
na hajui kama mtoto anasikia.
Maji yakafika kwenye vioo vya gari, yakapita.
Mbwana akasema, si kwa kujitetea:
“Nilidhani bado naijua.”
Nikammegea ng'onda. Akala.

Mashua ya uokozi ikaja na mwanamke mwenye madoadoa puani,
Alison, mpole, wa kukuonea huruma mpaka uone haya.
Alimfunga Mbwana jaketi la kuelea kama mtoto wa chekechea,
akamuuliza, polepole, aelewe:
“Umewahi kuishi karibu na bahari?”

Kaka yako akamwambia, hapana.

Pangani nzima, wifi! Mto, kivuko, makaburi ya wazee wenu,
vyote alivikana kwa neno moja,
miguu inachuruzika maji.

Usimwambie nimekwambia.
Ukija tutavuka tena, gari tumepata jingine, dogo, la kijani.
Ubao atasoma Hidaya.