Kopo la Emrys

Lilikuwa kopo la biskuti. Sasa lina tundu
alilolitoboa Emrys kwa bisibisi,
linakaa kaunta, kati ya siki na chumvi,
na mvua ya Wales inachapa kioo.

Wachimba makaa wastaafu hudondosha chenji ya samaki.
Mtoto mmoja alitia kifungo cha koti.
Emrys alikihesabu nacho.

Miaka sita. Kila Ijumaa huzima karai,
huhesabu sarafu zinazonuka mafuta,
huzipeleka Cardiff, kwenye maabara
ambako damu ya watoto hupewa namba.
Heledd alikuwa na jina. Alipenda chipsi zilizoungua.

Leo barua imefika:
dawa tuliyoijaribu haikufaa.
Tunasikitika. Tunashukuru.

Nilidhani atalitupa lile kopo.
Alisoma mara mbili, akajifuta mikono kwenye aproni.
"Haya," akasema, "mlango huo sio.
Anayekuja nyuma hatapoteza muda kuugonga."

Kisha akalipangusa, akalirudisha
kati ya siki na chumvi,
akatia sarafu ya kwanza mwenyewe.
Ikalia chini kabisa, peke yake.