Laini ya Bimurza

Kutaisi, wodi ya moyo, saa tisa usiku.
Nje theluji inageuka matope kando ya mto Rioni;
ndani niko mimi, Tsiala, na skrini sita,
mistari sita ya kijani ikipanda, ikishuka,
kama wanafunzi walioadhibiwa
kuandika herufi ileile bila kuinua kalamu.

Namba nne ni Bimurza wa Mestia,
fundi wa nguzo za umeme miaka arobaini na moja.
Alianguka akikwangua theluji paani.
"Sikuteleza," alimwambia daktari. "Nilizimika."

Jioni nilimbandika vibandiko, vinne viungoni, sita kifuani,
akauliza kazi ya kila kimoja
kama anayemkagua kijana wa karakana.
Havikupi umeme, baba. Vinausikiliza.
Juu kuliani mwa moyo kuna chembe chache zisizongoja amri,
zinajiwasha zenyewe.
Cheche inatambaa vyumba vya juu: kilima kidogo.
Inafika lango la kati, inazuiwa kidogo
ili damu iwahi kushuka,
kisha inaachiwa, inateremka kwa nyaya zake,
vyumba vya chini vinajikunja kwa pamoja: mlima mkali.
Halafu moyo unajichaji upya: kilima cha mviringo,
na kimya.

"Kituo, swichi, laini," akasema. "Na transfoma?"
Nikacheka. Yeye hakucheka.

Usiku huu mstari wake una manyoya.
Si moyo. Ni uvumi, mara hamsini kwa sekunde,
wa taa mbovu juu ya kitanda,
umeingia kwenye waya kama nzi kwenye mchuzi.
Kilima kidogo hakionekani.
Nimeandika *mapigo ya taratibu, picha chafu*
nikajimiminia chai.

Ndipo namba nne ikalala.
Mstari mnyoofu. King'ora.
Nilikimbia, moyo wangu mwenyewe ukinipiga mateke,
kiatu kimoja kikabaki njiani,
nikamkuta Bimurza juu ya kiti,
nyaya zake zinaning'inia, kisu cha mkate mkononi,
taa imetolewa matumbo.
"Umesema vinasikiliza," akaniambia.
"Vitasikiaje na kelele hii?"

Nilimfokea maneno yasiyoandikwa kwenye faili.
Nikamlaza. Nikabandika upya.
Na mstari ukarudi, safi kama uzi.

Nikahesabu miraba midogo, toka kilima hadi mlima.
Mitano. Lango linafunguka.
Saba. Lango linafunguka, kwa uzito.
Tisa. Lango linafunguka, kama bawabu aliyeamshwa usingizini na hataki wageni.
Kisha kilima,

na hakuna mlima.

Mgeni amebisha, amejibiwa na ukuta.
Halafu tena: mitano, saba, tisa.
Chelewa chelewa, wakasema wahenga,
na hawakuwa na karatasi ya miraba.

Akaomba kuiona. Akapitisha kidole chenye kovu la moto.
"Kituo kizima. Hitilafu iko katikati.
Miaka ile ya giza, nchi nzima ikiota moto wa kuni,
nilitembea laini kwa miguu, nguzo hadi nguzo.
Kijiji kikipata umeme leo, kesho kikakosa,
usiende bwawani kuwalaumu.
Nenda katikati, tazama theluji imekalia wapi."

Karibu na alfajiri vilima vinne mfululizo havikujibiwa.
Macho yake yalienda mahali, yakarudi.
"Umeona?" akauliza, kama aliyeshinda ubishi.
Nilikuwa tayari nimeshika simu.
Daktari Nodar alikuja na koti juu ya pajama.

Saa nne walimtia betri chini ya mtulinga,
waya mwembamba ukapita lango bila kubisha.
Tunaambiana tupige moyo konde;
wa kwake sasa una wa kuupiga.
"Inadumu miaka mingapi?" Kumi hivi.
"Na nani huikagua?"

Mchana fundi wa hospitali alikuja na ngazi
kuiangalia taa ya namba nne.
Akaiwasha.
Haikuvuma.