Safu ya Vifaranga

Amefumba kinywa tangu Jumanne ya juzi.
Namtupia chakula, anakitazama kikishuka,
anakitazama tena kikilala mchangani,
na koo limemvimba kama mtu
aliyemeza neno akaona halipiti.

Mayai thelathini. Labda arobaini.
Hayahesabiki mpaka aridhike kuyatema
yakiwa na macho na mikia.
Haya nimeyasoma kwa marehemu Bohumír,
si kinywani mwake, hakikuwa kinywa cha maneno,
bali kwenye daftari la kijani
aliloliacha juu ya tangi, likajikunja kwa unyevu.

Ostrava, ghorofa ya tisa. Barafu imeshika kioo cha nje.
Kioo cha ndani kimeshika lita mia tatu
za ziwa nisilowahi kuliona:
maji ya bomba niliyoyakoroga kwa magadi na chumvi
mpaka yakajidai Nyasa.
Samaki hawakuuliza. Wamezaliwa hapa hapa, kama mimi.

Dume ana madoa ya manjano pezini, mayai ya uongo.
Jike huyafuata akidhani kasahau mengine,
akiyafungulia mdomo, basi, mambo yamekwisha.
Bohumír alinieleza hili siku ya tatu ya kujuana kwetu,
kwenye kituo cha tramu, masikio yamemwiva.
Nilidhani ananitania.
Kumbe alikuwa anaposa.

Miaka thelathini fundi umeme wa mgodi.
Akitoka chini ananawa mpaka viwikoni,
mara mbili, mara tatu,
ndipo anatumbukiza mkono humu.
Supu inapoa, Bohumír.
Ngoja, Vlasta, anayageuza mayai.
Nami nikamwonea wivu kiumbe wa urefu wa kidole.

Machi 4. Jike wa manjano, siku ya 18. Vifaranga 27.
Machi 6. Wawili wamekufa.
Aprili 11. Jike wa buluu kameza mayai. Vifaranga 0. Kosa langu, niliwasha taa ghafla.

Kosa langu.
Nimeishi naye nyumba moja, kitanda kimoja,
sikulisikia hilo hata siku moja.

Juzi usiku umeme ukakatika mtaa mzima.
Nililivika tangi koti lake la mgodini,
nikachemsha maji kwenye gesi, nikajaza chupa,
nikaziegesha kiooni moja moja,
halafu nikasimama na jagi:
chota, mimina kutoka juu, chota, mimina,
ili maji yapate pumzi.
Kvido wa ghorofa ya nane alileta betri ya gari
na kicheko. Betri ilikuwa imekufa.
Kicheko kilisaidia kidogo.

Katikati ya jagi na jagi, kwa mshumaa,
nilifunua daftari nyuma, nyuma zaidi,
mpaka mwaka ambao penseli yake ilikuwa bado kali.

Oktoba 19. Jike mweupe, siku ya 20. Vifaranga 31.
Oktoba 20. Vlasta. Kifaranga 1. Gramu 3,200. Anapumua vizuri.

Safu ile ile. Mwandiko ule ule.
Na chini ya mstari, kwa utulivu wa karani,
alikuwa amejumlisha: 32.

Nilicheka mpaka nikamwaga jagi kwenye zulia.
Kisha nikaketi hapo hapo, kwenye majimaji.

Leo ni siku ya kumi na tisa.
Amekwenda nyuma ya jiwe, kichwa kimeinama,
akapiga miayo, na wa kwanza akatoka,
mdogo kama kope, ana macho kuliko mwili.
Kivuli changu kilipopita, akarudi ndani mbio.
Nimejifunza. Sisogei.

Luboš anapiga simu kutoka Plzeň.
Ni yeye, gramu elfu tatu na mia mbili,
sasa ana upara na mkopo wa nyumba,
anauliza kwa mara ya nne matangi nitayauza lini.
Mama? Upo? Mama?

Kumi na sita. Kumi na saba.
Ningefungua kinywa, ningepoteza hesabu.